Mpini wa .44: shajara ya kutafuta mshiko usioumiza

Mwishoni mwa Februari

Naanza kuandika kwa sababu mambo yameanza kuwa mengi kichwani. Mradi wenyewe ukiutaja ni mdogo: kuibadilishia bastola mpini. Bastola ni Smith & Wesson Model 629, ya silinda, risasi sita, mtutu wa inchi 4, chuma kisichoshika kutu, na inakula risasi kali za .44 Magnum. Niliinunua hapa Anchorage, Alaska, ikiwa imeshatumika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa tayari ameifunga mpini mwingine wa raba wenye mabonde ya vidole.

Mtu wa Lindi anataka nini na mzinga kama huu? Samaki. Juni samoni wekundu wanapanda mto wa Russian River, dubu wanawafuata, na sisi wavuvi tunawafuata wote wawili. Kopo la dawa ya pilipili linakaa kifuani na ndilo la kwanza kushikwa. Bastola ni ya siku ambayo upepo umekaa upande wa dubu na pilipili inakurudia mwenyewe. Ila silaha unayoogopa kuifanyia mazoezi inakuongezea uzito kiunoni tu, na mimi nimeshafika hapo. Silinda ya kwanza ya magnum naimaliza vizuri. Ya pili nafumba macho kabla haijalia, na karatasi inanisema: matundu yote yanashuka chini kushoto.

Maumivu yana sehemu mbili, na toka mwanzo nimeamua kutoyachanganya. La kwanza liko pale gumba linapoachana na kidole cha shahada, chuma cha mgongo wa mpini kinapogonga. La pili liko kwenye kifundo cha kidole cha kati, kinachopigwa na ile pete ya chuma inayolinda triga. Kila niliyemwambia amenijibu neno moja: raba. Weka raba laini zaidi. Tutaona.

Machi, wiki ya kwanza

Leo ni hesabu tu, mezani, na kikombe cha chai.

Bastola ina uzito wa karibu kilo 1.2. Kichwa cha risasi cha kawaida cha .44 Magnum kina grani 240, sawa na gramu 15.5 hivi, na kwenye mtutu mfupi kama huu kinatoka kwa kasi ya kama mita 380 kwa sekunde. Ukijumlisha na gesi ya baruti inayotoka nyuma yake, napata kwamba bastola inarudi mkononi kwa kama mita 6.5 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 25 hivi. Kwa .44 Special, risasi ya zamani na pole zaidi, kichwa kinakaribia uzito uleule lakini mwendo ni wa mita 230, na hesabu inashuka hadi jouli 7. Ndiyo maana Special inaweza kupigwa mchana kutwa na magnum haiwezi.

Uzuri ni kwamba zote mbili zinaingia silinda moja. Ganda la magnum limerefushwa kwa sehemu ya nane ya inchi, na lilirefushwa makusudi, ili risasi kali isiingie kwenye bastola za zamani za Special zisizoweza kuihimili. Aliyesukuma jambo hilo kuliko wengine ni Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa silaha wa Idaho, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizishindilia Special zake baruti kupita kiasi hadi kampuni za Remington na Smith & Wesson wakamletea risasi yake rasmi, mwishoni mwa 1955 na kuingia 1956. Keith hakuwa mtu mkubwa wa mwili, na alizipiga bila raba.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisite. Kabla ya raba wavuta bastola walikuwa na mbao, na kabla ya hapo pembe na mifupa. Wapo walioumia, wapo ambao hawakuumia. Kwa hiyo ulaini peke yake hauwezi kuwa jibu lote.

Machi, katikati

Nimeufungua mpini. Risasi ziko chumba kingine, silinda iko wazi, nimeiangalia mimi na kisha mama watoto naye akaiangalia, ndipo bisibisi ikaguswa.

Chini ya raba kuna mambo matatu ya kujua kabla hujatoa hela ya mpini wowote.

Kwanza umbo la kitako. Fremu kubwa za Smith & Wesson, zile za herufi N, kwa miaka mingi zilikuwa na kitako cha mraba; katika miaka ya 1990 kampuni ikahamia kitako cha mviringo. Mpini wa mraba unaweza kuufunga kwenye fremu ya mviringo ukiwa umetengenezwa kwa kazi hiyo, na ukubwa unaongezeka. Kinyume chake hakiwezekani, chuma kitatokeza. Yangu ni mviringo, na kwa mtu mwenye mkono mdogo hiyo ni bahati.

Pili, pini ndogo iliyo chini ya fremu. Ndiyo inayozuia mpini usizunguke. Mipini ya kipande kimoja, ile iliyowapa jina akina Hogue, inafungwa kwa kibanio kinachoshika pini hiyo na skrubu moja inayopanda kutoka chini. Mzee Guy Hogue alikuwa askari polisi wa Los Angeles, akaanza kuchongea wenzake mipini mwaka 1968. Mipini ya vibao viwili inafungwa kwa skrubu inayopita katikati.

Tatu, skrubu ndogo upande wa mbele, karibu na kitako. Inasukuma springi kuu, ile bapa. Kuna watu huilegeza ili triga iwe nyepesi. Nyundo inagonga kwa unyonge, na siku moja risasi hailii. Yangu nimeikuta imelegea nusu mzunguko. Nimeikaza. Mpini ukifunguliwa, hata kama hujapanga kubadili chochote, iangalie.

Machi, siku za mwisho

Kupima mkono. Hii ndiyo sehemu ninayoona watu wengi wanairuka, kisha wananunua mpini wa pili, wa tatu, wa nne.

Njia yangu ni hii. Bastola tupu, shika kwa mkono wa kulia, mtutu ukae mstari mmoja na mfupa wa mkono hadi kwenye kiwiko. Usizungushe mkono kuufuata mpini. Halafu tazama kidole cha shahada kimefika wapi kwenye triga. Ukivuta bila kukoki nyundo, triga ikiwa mbele kabisa, unahitaji kidole kifike karibu na kiungo cha kwanza ili uwe na nguvu. Mimi kwenye chuma kitupu, bila mpini wowote, nafika hapo kwa shida kidogo. Maana yake ni kwamba sina nafasi ya kuongeza chochote nyuma. Kila milimita itakayowekwa mgongoni mwa mpini naitoa kwenye triga.

Kisha nikataka kuona chuma kinagusa wapi hasa. Nimepaka mgongo wa fremu rangi ya mdomo (ya mama watoto, kwa ruhusa), nikaufunga mpini, nikashika kwa nguvu kama napiga, nikaachia. Mkononi umebaki mstari mwekundu, mwembamba kuliko upana wa gumba langu, umesimama wima katikati ya ile nyama laini kati ya gumba na shahada. Pembeni mwake, kulia na kushoto, ngozi safi. Raba yenyewe inaanzia ndani zaidi, chini ya usawa wa chuma, kwa hiyo haigusi kabisa pale panapouma.

Nimeuangalia ule mstari muda mrefu. Jouli zote 25 zinapita hapo. Raba inaweza kuwa laini kama inavyotaka, lakini haipo kwenye njia ya msukumo. Ninachohitaji ni upana.

Aprili, wiki ya kwanza

Nimeazima mipini. Jirani yangu, mstaafu wa meli za uvuvi, ana sanduku zima. Anasema kila mwenye bastola kubwa Alaska ana sanduku la namna hiyo, la mipini iliyoshindwa. Tumekwenda naye uwanja wa shabaha wa Rabbit Creek, baridi ya kutosha kufanya vidole vigome. Utaratibu ni uleule kwa kila mpini: Special kwanza, magnum baadaye, na kuandika hapohapo kabla kumbukumbu haijaanza kupamba.

Wa kwanza, raba nene inayofunika mgongo wote. Ni wa aina iliyobuniwa kwa ajili ya bastola za fremu X, zile za risasi kubwa za .500 zilizotoka 2003, na unaingia vizuri kwenye fremu N ya kitako cha mviringo. Wenye zile .44 nyepesi zenye fremu ya aloi ya skandi, zenye uzito wa kama gramu 700, wanaupenda kupindukia, na sasa najua kwa nini: maumivu ya pale penye gumba yameisha kabisa. Yameisha! Jirani ana viganja vya kuvutia nyavu, kwake mpini huu ndio mwisho wa safari. Kwangu kidole kimerudi nyuma hadi ncha tu ndiyo inagusa triga, na kuvuta bila kukoki kumekuwa kazi ya mwili mzima. Ili nifike nikalazimika kuuzungusha mkono kwenda kulia, na hapo msukumo ukaacha kuja mstari wa mfupa, ukaanza kuangukia kwenye kiungo cha gumba. Jioni hiyo kufungua chupa ya maji kumenishinda. Mpini mzuri, mkono siyo wake.

Wa pili, mbao pana za mtindo wa shabaha, zilizojaa katikati na kusinyaa juu na chini. Zinapendeza machoni. Mkononi mwangu vidole havikutani na kiganja, kwa hiyo bastola inapolia inateleza kwenda juu kidogo kila mara, na kila mara natakiwa kuipangusa na kuishika upya. Hapana.

Wa tatu, vibao vyembamba vya mtindo wa Magna. Smith & Wesson waliuleta mtindo huu 1935 pamoja na .357 Magnum yao ya kwanza. Ukiuangalia haraka unaweza kudhani ni vibao vya kawaida, lakini sehemu ya juu mbao zinapanda pande zote mbili za mgongo hadi usawa wa chuma. Upana wa kinachogusa nyama unakaribia kuwa mara mbili, na hakuna milimita iliyoongezwa nyuma. Nimepiga magnum nikisubiri kuumia. Pale kwenye gumba nimesikia msukumo, mzito, mpana, kama mtu amekusukuma kwa kiganja badala ya kukuchoma kwa kidole. Mbao ngumu, bila raba hata kidogo.

Lakini kifundo cha kidole cha kati kimepigwa vibaya kuliko siku zote. Nyuma ya pete ya triga vibao hivi vinaacha uwazi, kidole kinapanda hadi juu, na pete inakishukia.

Nimerudi nyumbani na kifundo kimevimba na moyo mweupe. Matatizo mawili, na kila moja limeonyesha mlango wake.

Neno moja kuhusu mabonde ya vidole, kwa sababu nimeulizwa. Mabonde yanafaa mkono uliopimiwa, basi. Vidole vyangu vikilala kwenye mabonde ya mtu mwingine, matuta yake yanakaa chini ya mifupa yangu na kila risasi inakumbusha. Nikiwa nimeshika haraka, na glavu, vidole vinatua juu ya matuta. Sitaki mabonde.

Aprili, katikati

Uwazi nyuma ya pete ya triga ni ugonjwa wa zamani, na dawa yake nayo ni ya zamani. Kuna kipande cha chuma kiitwacho Tyler T-Grip, kilichoanzia Oklahoma, kinachobanwa chini ya vibao na kujaza ule uwazi. Wengine waliokuja baadaye wakaunganisha kijazio na mpini wenyewe. Hata kwenye bastola za kukoki kwa gumba tatizo lipo: Ruger Super Blackhawk ya 1959 ilitoka na pete ya triga yenye mgongo wa mraba, na waliopiga risasi nzito kwayo wanaujua huo mraba kwa vifundo vyao.

Tofauti kati ya bastola hizo za kukoki kwa gumba na za aina ya yangu inafaa kuelezwa. Mpini wa Colt ya 1873, na zote zilizofuata umbo lake, umepinda kama wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, na hauna nundu juu. Bastola ikilia inajiviringisha ndani ya kiganja, mtutu unapanda juu, na sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye huko kupanda. Ya kwangu ina nundu juu ya mgongo, iliyowekwa ili mkono ukae palepale na triga ivutwe mfululizo. Mkono ukikaa palepale hauna pa kukimbilia, unapokea kila kitu. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa Ruger au Colt ya zamani hauhamii moja kwa moja kwa mtu wa Smith, na nusu ya ubishi unaousikia uwanjani unatokana na hilo.

Nimeamua. Vibao viwili vinavyopanda juu kama vya Magna, mgongo ubaki wazi, mbele kijazio kikubwa nyuma ya pete, bila mabonde, kitako kifupi kisichokwama kwenye koti. Sijakuta mpini wenye hayo yote kwa pamoja unaokaa kwenye mkono wangu. Nitachonga.

Aprili, mwishoni

Jaribio la kwanza ni la birch, mti unaoota kila kona hapa na ambao kipande chake unakipata bure kwa jirani anayepasua kuni. Nimeichora fremu kwenye karatasi ngumu, nimeikata, nimeihamishia kwenye mbao mbili za unene wa milimita 16.

Kazi kubwa iko upande wa ndani. Mbao inatakiwa ilale kwenye fremu bila kupepea hata kidogo, kwa sababu ikicheza nusu milimita, magnum itaipasua kwenye tundu la pini. Rangi ya mdomo imerudi kazini: unapaka chuma, unabandika mbao, unagonga kwa kiganja, unatoa. Palipotiwa doa ndipo palipoinuka. Unaparua doa kwa patasi nyembamba, unarudia. Mwanzoni madoa ni mawili matatu makubwa. Baadaye yanakuwa mengi na madogo, yametawanyika uso mzima, na hapo ndipo unajua mbao na chuma vimeshikana. Mama watoto ameniambia ninunue rangi yangu.

Kwa nje nimeanza kwa kuacha nyama nyingi, kisha nikawa nashika, nasikiliza panapobonyeza, naweka alama ya penseli, napiga tupa kidogo. Kiganja kinajua kuliko macho. Upande wa kulia umeisha ukiwa mnene kuliko wa kushoto, kwa sababu ndiyo shimo la kiganja changu lilivyo; kwa macho mpini umepinda, mkononi umenyooka.

Upande wa kushoto una jambo la ziada ambalo mtu anaweza kulisahau hadi siku ya kwanza ya kupakia upya. Silinda ikifunguliwa inalalia kushoto, na maganda yanapotolewa yanapita sentimita chache tu kutoka kwenye kibao. Kibao kikiwa kinene juu, ganda la chini linagonga mbao na kubaki limening'inia, na kipakizi cha risasi sita hakiingii. Nimekata bonde la mviringo pale juu hadi maganda tupu sita yakaanguka yote kwa pigo moja la kisukumio. Bonde hilo linakula sehemu ya upana niliouhitaji kwa ajili ya gumba. Nimesogeza ukingo wake mbele kadiri nilivyoweza, na haidhuru, kwa sababu nyama ya gumba inabeba zaidi upande wa kulia.

Kijazio nimekiacha kinene kuliko kawaida: kidole cha kati kinakaa wazi milimita nne hivi chini ya pete. Bastola inakaa juu kidogo mkononi kuliko wenye vitabu vya shabaha wanavyopenda. Wenye vitabu hawana kifundo changu.

Mei, mwanzoni

Birch imepita uwanjani. Silinda mbili za magnum mfululizo, macho wazi. Matundu yamerudi katikati, na mawili yaliyotoroka nayajua kwa nini. Gumba limechoka kama mkono uliofanya kazi, bila kuuma. Kifundo hakijaguswa.

Jirani ameushika, akaukunjia uso, akasema ni mdogo mno, kwake ni kama wa mtoto. Sawa kabisa. Ukimfaa yeye, mimi nimeharibu kazi.

Birch haitadumu. Ni nyepesi, inakunywa maji, na jiko la nyumba za huku linaikausha na kuipinda. Sasa ndiyo nasema nilichokuwa nacho moyoni toka mwanzo: nataka mpingo.

Mei, katikati

Mpingo wa kwetu unazama majini. Mita moja ya ujazo ina uzito unaopita tani moja. Ndiyo mti wa klarineti na obo za dunia nzima, na ndiyo mti wa vinyago vya Wamakonde. Kuuleta kutoka nyumbani kwenye begi ni habari nyingine, kwa sababu tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na gogo ghafi linataka karatasi zake. Nimenunua kwa muuzaji wa hapahapa Marekani, vipande vilivyokwisha kuingia kihalali, vya kuchongea mipini ya visu. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha utunzaji mzuri wa misitu, na ningefurahi kujua kipande changu kimetoka huko, ila kibandiko kinasema Tanzania tu.

Vipande vinakuja vimepakwa nta, kwa sababu mpingo unakauka polepole na ukiharakishwa unapasuka. Nimekwangua nta, nimeviweka juu ya kabati mbali na joto, na navipima kwenye mizani ya jikoni. Vikiacha kupungua gramu, viko tayari. Kimoja kimeonyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye ncha, mahali ambapo ningetoboa tundu la skrubu. Nimekitoa kwenye mpango, kitakuwa mpini wa kisu cha samaki.

Nimempigia shemeji Lindi, fundi seremala, nikamweleza kazi. Amecheka kwanza. "Shemeji, huo mpingo utakimaliza hicho kitupa chako kabla wewe hujaumaliza." Halafu akawa mtu wa kazi: nitoboe kwa keke kali na mwendo mdogo, nitoe unga kila mara, nisilazimishe, na nizibe pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Akauliza dubu ni mkubwa kama nini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama samaki hawauzwi dukani.

Juni, wiki ya kwanza

Vibao vya mpingo vimekaa. Gramu ziligoma kushuka, nikaanza, na shemeji alisema kweli: tupa ya zamani imekufa, nimenunua nyingine. Nilinakili birch kwa kalipa, sehemu kwa sehemu, na nikaacha weupe kidogo wa gamba la nje la mti kwenye ukingo wa chini, kama wachongaji wa kwetu wanavyofanya wakitaka ionekane ni mpingo wa kweli. Haina faida yoyote. Naipenda tu.

Msasa nimeishia 400. Ukiendelea juu ya hapo mpingo unang'aa kama kioo na unateleza kama kioo. Nimefuta kwa mafuta mepesi ya kitani, sikupaka vanishi. Kisha nikafanya jaribio lililohitajika: mkono uliotoka kushika samaki, wenye ute na maji, na bastola tupu. Kwa kushika tu, raba inashinda, sina ubishi nalo. Ila raba ikiganda mkononi vibaya imegandia hapohapo, huwezi kuusogeza mkono uliotua kombo ulipochomoa kwa haraka. Mbao inaruhusu kiganja kijirekebishe. Mpingo mtupu wenye ute, hata hivyo, unateleza kupita ninavyotaka.

Umbo likikaa sawa, hilo linabaki kuwa tatizo la uso tu, na dawa yake ni michoro ya msalaba, ile ya mistari inayokatana na kuacha vijiwe vidogo vyenye ncha. Nimeagiza kifaa cha mistari 18 kwa inchi. 20 na kuendelea ni kwa wenye macho ya ujana. Nitachora pande mbili tu, pale vidole vinapozunguka na pale kiganja kinapojaa. Sehemu ya juu, mbao inapokutana na mgongo wa chuma, itabaki laini, kwa sababu hapo ndipo msukumo unapopita, na vijiwe vyenye ncha vingenirudisha kulekule.

Uwanjani jana magnum zilikuwa zilezile za Aprili, kutoka boksi lilelile. Pini haijacheza, skrubu nimeitia alama ya wino na alama haijasogea, silinda inatema maganda yote. Kifaa cha michoro kikifika kabla samaki hawajaingia, nitachora. Kisipofika, msimu huu nafunga birch na mpingo unasubiri nyumbani.